Shilingi ya Nani?



Leo sina mapishi wala mitindo ya hina. Nina hasira, na nimeona niitoe hapa kabla haijaniozea moyoni.

Mtoto wa dada yangu ameolewa Kilema, huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu ya Himo. Mume ni kijana wa Kichaga mwenye dini yake, na wakwe ni watu wa heshima. Tatizo la harusi yenyewe lilikuwa wageni: wengine Unguja, wengine Moshi, wengine Muscat. Basi bi harusi wetu akaona tangazo la huduma ya kadi za mwaliko kwa simu. Unaweka majina, kadi zinakwenda zenyewe, na kila anayethibitisha unamwona. Bei ikaandikwa: Sh 1,500 kwa mwezi. Chini ya soda mbili! Nani angeiacha?

Akatia elfu hamsini kwenye kadi ya malipo ya simu yake, pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya udi na mafuta, akabonyeza. Ujumbe ukaingia: zimekatwa elfu thelathini na kitu. Akanipigia analia, "Mama mdogo, wameniibia!" Na mimi nikaamini ni wezi. Kumbe si wezi. Kampuni iko Nairobi, na ile Sh ni ya Kenya, ambayo moja yake inakula karibu ishirini za kwetu. Juu yake ikaongezwa gharama ya kubadilisha fedha. Mwezi wa pili, harusi imeshapita, wakakata tena.

Nikamwambia maneno ambayo leo najuta: "Si ungesoma vizuri?" Asome nini, jamani? Aliona Sh. Na mimi ningeona Sh.

Tulipokwenda kumtazama, tuliteremka sokoni Himo kununua ndizi. Mpaka wa Holili hauko mbali, kwa hiyo pesa za Kenya si kitu kigeni pale. Mteja aliyekuwa mbele yetu akatoa noti, na mama muuza ndizi, kabla hata hajainyoosha mkono kuipokea, akauliza: "Ya Kenya au ya kwetu?" Basi. Maneno manne na kiunganishi kimoja. Yule mama hana kompyuta, hana mwanasheria, hana idara ya huduma kwa wateja. Ana beseni na khanga mbili. Lakini anajua kwamba huwezi kumtajia mtu bei bila kumtajia pesa.

Neno shilingi peke yake lilitosha zamani. Mpaka 1966 Mombasa, Moshi na Unguja zote zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka ule ndipo kila nchi ikatoa yake. Kwa hiyo anayeandika Sh tupu leo, na anajua wateja wake wako pande zote mbili za mpaka, anauza kama vile tuko 1965. Na alama ya dola ni hivyo hivyo. Marekani wanaitumia, Kanada wanaitumia, Australia na Singapore pia. Unaandikishwa darasa la tajwidi la watoto, au hifadhi ya picha za harusi, unaambiwa "$10", na hakuna anayeona haja ya kukwambia dola ya wapi.

Tulinganishe na jambo tunalolijua. Bibi zetu waliolewa kwa rupia. Unguja tuliiacha rupia mwaka 1936, rupia moja ikahesabiwa shilingi moja na nusu. Ebu fikiria mposaji wa siku zile aseme mbele ya walii, "mahari ni mia moja," kisha anyamaze. Mia ya nini? Rupia au shilingi? Wazee wangemtazama kama mwehu. Leo hii, dada yangu, ungekubali mahari yako yaandikwe "elfu moja" tu, ukaja kujua ya nani baada ya ndoa kufungwa? Basi kwa nini tunakubali kwenye simu?

Mimi si mufti na sitoi fatwa. Lakini sote tulikaa madrasa. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, na vitabu vya fiqhi ya Shafii vinavyosomwa pwani hii, Minhaj ya Imam Nawawi kikiwemo, vinataka thamani ijulikane, na mji ukiwa na sarafu mbili zisizoshindana kwa wingi, lazima itajwe ipi. Imam Nawawi aliishi karne ya 13. Hakuwa na intaneti, lakini tatizo la Himo alilijua.

Kuna watakaosema bei ya dola inabadilika kila siku, kampuni itaijuaje kwa shilingi? Ni kweli inabadilika. Mwaka 2024, mwezi wa kumi, dola ilikuwa karibu 2,700. Disemba ikashuka karibu na 2,400. Huduma ile ile ya dola kumi, tofauti elfu tatu ndani ya miezi miwili. Lakini nenda duka lolote la kubadilisha fedha mjini: ubao uko mlangoni, bei ya leo imeandikwa, kesho wanafuta. Kama mtu wa ubao anaweza, kompyuta inayoweza kukata pesa yangu usiku nikiwa nimelala haiwezi? Inajua hesabu kamili. Inanipa baada ya kukata, kwa ujumbe mfupi, wakati hainisaidii kitu.

Baba mkwe wa mtoto wetu, mzee wa kahawa, alicheka tulipomsimulia. Alisema wao wamezaliwa ndani ya mchezo huo: mnadani Moshi kahawa inatajwa kwa dola kwa gunia la kilo hamsini, mkulima analipwa shilingi kwa kilo, "na hapo katikati ndipo watu wanapojengea nyumba." Alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Sasa nije kwa wakubwa. Machi 2025 zilitoka kanuni za kuzuia bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Alhamdulillah, mwenye nyumba na mwenye ukumbi wamefundishwa adabu. Muuzaji aliye nje akaachwa. Tutaambiwa yuko mbali, sheria haimfikii. Haimfikii? Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za mtandaoni Tanzania zinatakiwa zijisajili na kulipa VAT. Kwa kodi mkono umefika. Basi mkono huo huo umwambie: ukimuuzia Mtanzania, andika TZS, jumla, na makato yote ndani yake, kabla hajabonyeza. Na benki na kampuni za simu, ambazo hazina kisingizio cha kuwa mbali, zituoneshe kiasi cha shilingi kwanza, ndipo zituombe namba ya siri. Tukituma pesa kwa jirani tunaoneshwa jina lake tuthibitishe. Kwa mgeni wa ng'ambo tunafungwa macho.

Na msiniambie ni pesa ndogo. Elfu thelathini kwa bi harusi anayeanza maisha mlimani ni gesi, ni unga, ni nauli ya kuja kumwona mama yake kufika angalau Tanga.

Tuliwaandikia wale watu wa kadi. Wakajibu kwa adabu sana kwamba bei yao iko wazi na imeandikwa ukurasa wa mbele. Nikawarudishia swali la mama wa Himo, kama lilivyo, bila kuongeza neno: ya Kenya au ya kwetu? Leo siku ya tisa. Hawajajibu, na kwenye kadi tumeacha shilingi mia nne. Za kwetu.