Tasa kwa Jina Tu

Aliyeandika kwamba mwanafunzi wa Isikizya, wilayani Uyui, afundishwe hesabu za mizani ya tumbaku, namba tasa za aina maalumu waachiwe wengine, amedanganywa na neno “tasa”. Chukua 11: mara mbili, jumlisha 1, unapata 23, nayo tasa. Mfaransa Sophie Germain alizichunguza namba za namna hiyo miaka 200 iliyopita, bila kutazamia faida. Leo zile kubwa mno husaidia kompyuta mbili kupatana siri hadharani. Atasema mtumiaji wa kufuli hahitaji kujua linavyoundwa. Sawa, lakini mhunzi je? Wala hapahitajiki maabara: chukua 2 kumi na moja, uzizidishe zote pamoja, toa 1, utapata 2047, ambayo ni 89 mara 23, ile ile ya juu. Kalamu inatosha, hata Uyui.