Usiingie Ndani Kama Hujui Mlango wa Kutokea

Leo siandiki kuhusu kesi wala kauli ya waziri yeyote. Nataka tuongee kuhusu mzee mmoja ambaye picha yake tunaiposti kila mara, ila maisha yake wengi wetu hatuyajui: Edwin Mtei, mwasisi wa chama chetu.

Nianze na simu ya mjomba. Mwezi uliopita kanipigia jioni, nikamwamkia, akaitikia, akaingia kwenye hoja bila kuzunguka. Kanitafutia nafasi ya fildi kwenye ofisi moja ya serikali. Kwa mwanafunzi wa sheria asiye na mtu popote, hiyo ni bahati. Halafu akaongeza: "Ila mwanangu, hayo maandishi yako ya mtandaoni uyafute. Na fulana ya chama iweke kabatini. Wewe soma, ingia ndani, ukishakuwa ndani ndiyo utabadilisha mambo. Huku nje mnapiga kelele tu."

Nikamwambia nitafikiria. Sikuwa jeuri, kwa sababu mjomba ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na sita. Lakini lile neno "ukiwa ndani" lilininyima usingizi. Na najua siko peke yangu. Nusu ya mnaosoma hapa mmeshaambiwa hivyo na baba, shangazi, au mchumba.

Sasa ndipo anapoingia mzee Mtei. Kwa sababu kama kuna Mtanzania aliyewahi kuwa ndani, ndani kabisa, ni yeye.

Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Utotoni alichunga mbuzi, na hakuona aibu kulisema hilo: kitabu cha maisha yake kilichotoka 2009 alikiita From Goatherd to Governor, yaani kutoka mchunga mbuzi hadi gavana. Akasoma Makerere. Nchi ilipopata uhuru akawa mmoja wa vijana wachache wenye digrii waliokabidhiwa Hazina, na katikati ya miaka ya 60 alikuwa Katibu Mkuu wake. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa, gavana wa kwanza alikuwa yeye. Piga hesabu: alikuwa hajafikisha miaka 34. Kabla ya hapo Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki iliyotolewa na Bodi ya Sarafu. Shilingi tunayolilia leo ilizaliwa mikononi mwake.

Hata mwaka haukuisha, likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Benki za kigeni zikataifishwa na kuunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara. Gavana kijana akabaki na mfumo wa fedha uliobadilishwa usiku mmoja, na akaukalia kiti hicho hadi 1974. Kisha akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, wakati ule ambao Jumuiya ilikuwa inakatika vipande. 1977 ikafa. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere akamteua Waziri wa Fedha.

Simameni hapo kidogo, makamanda. Mwasisi wetu alikuwa waziri katika serikali ya CCM. Sisi ambao kila kijana akipata kazi serikalini tunamwita chawa kabla hata hajapokea mshahara wa kwanza, tujiulize: kwa kipimo chetu, Mtei wa 1977 tungemwitaje?

Kilichotokea miaka miwili baadaye ndicho kilichonifanya niandike.

Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka. Jumuiya imevunjika, na Tanzania ililazimika kuanzisha shirika lake la ndege, la reli, kila kitu. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, tukapigana, tukashinda, na vita vikala fedha za kigeni tulizokuwa nazo. Mafuta nayo yakapanda bei mwaka 1979. Hazina haikuwa na dola. Mtei akafanya mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, lile tunaloliita IMF. Wao wakaweka masharti yao, kubwa likiwa kushusha thamani ya shilingi.

Mtei aliamini shilingi haiwezi kuendelea kubandikwa thamani isiyo yake. Kama bei rasmi ya dola ni ndogo mno, mkulima wa kahawa analipwa shilingi kiduchu kwa zao lililouzwa kwa dola, na anayefaidi ni mwenye kibali cha kununua dola kwa bei ya serikali. Mwalimu aliona vingine. Aliona shilingi ikishuka, dawa na mafuta vitapanda, na maskini ndiye atakayelipa. Zaidi ya hapo aliona nchi huru inaamriwa na watu wasiopigiwa kura na yeyote. Mwaka mpya wa 1980 alihoji mbele ya mabalozi ni lini IMF iligeuka kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima.

Mwalimu akakataa. Na Mtei, Desemba 1979, akajiuzulu.

Naomba msiipite hiyo sentensi haraka. Kisheria waziri akishindwa kukubaliana na serikali yake ana njia mbili. Mawaziri wanawajibika kwa pamoja: ama unakubali uamuzi na kuutetea hadharani kana kwamba ni wako, ama unaondoka. Hakuna ya tatu. Ile tunayoiona siku hizi, ya mtu anayelalamika kwa marafiki baa halafu kesho yuko jukwaani anasifia, haimo kwenye kitabu chochote cha sheria. Hiyo ni njaa tu.

Na kumbukeni aliondoka kwenda wapi. Mwaka 1979 kilikuwepo chama kimoja tu kwa mujibu wa Katiba. Hakukuwa na upinzani wa kumpokea, hakukuwa na mkutano wa hadhara wa kumshangilia, hakukuwa na simu za kumrekodi. Ukitoka ndani, nje ni kiza. Alitoka hivyo hivyo.

Sasa, sitaki kuwadanganya. Kuna swali gumu ambalo vijana wa upande wa pili hututupia na sisi huwa tunajibu kwa matusi: "Mwasisi wenu si ndiye kibaraka wa IMF?" Ni kweli kwamba 1982 alikwenda Washington, akawa Mkurugenzi Mtendaji kwenye bodi ya IMF akiwakilisha kundi la nchi za Afrika, hadi 1986. Tujibu kwa hoja, siyo kwa kelele.

Kwanza tuangalie nchi aliyoiacha. Mwaka 1980 serikali yenyewe ilisaini makubaliano na IMF, yakavunjika muda mfupi baadaye. Kisha ikaja miaka ambayo bibi yangu akiisimulia hucheka kwa uchungu: foleni ya sabuni, unga wa yanga, watu kufulia majani ya mpapai. Bidhaa zilipoadimika, serikali ikawatafuta wa kuwalaumu. Ndipo ikatungwa sheria ya uhujumu uchumi ya 1983. Tuliosoma sheria tunaijua: mshtakiwa hakuruhusiwa wakili, hakuruhusiwa dhamana, na unaweza kukamatwa kwa bidhaa ulizoficha stoo. Mwaka uliofuata ikafutwa na kuletwa nyingine, lakini neno "uhujumu uchumi" likabaki kwenye vitabu, na nyinyi wenyewe mnajua leo linatumika vipi kumweka mtu mahabusu bila dhamana. Uamuzi mbaya wa uchumi haukai Hazina. Hutembea hadi unafika mahakamani, na mwisho unafika selo.

Pili, tuwe wakweli kwa upande mwingine. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na IMF, na shilingi ikashushwa kutoka karibu 17 hadi 40 kwa dola moja. Maduka yakajaa. Lakini Mwalimu naye hakuwa mjinga. Miaka iliyofuata ikaja na kuchangia gharama hospitalini na shuleni, na kuna watoto waliokosa darasa kwa sababu ya ada ya shule ya msingi, hadi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mama yangu mkubwa hakuvuka darasa la tano. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ya IMF ilikuwa na sumu ndani yake, simbishii. Nimemwona aliyeinywa.

Kwa hiyo kati ya Mtei na Nyerere nani alikuwa sahihi? Mimi naona Mtei alikuwa sahihi kuhusu shilingi, na Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu nani atalipa bili. Wewe unaweza kuona tofauti, na tubishane kwenye maoni, ila kwa hoja. Lakini heshima yangu kwa Mtei haitegemei jibu la swali hilo. Hata kama angekuwa amekosea, alichokifanya ni kile kile: alisema anachoamini mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini, akakataliwa, na hakujifanya amebadili mawazo ili abaki na gari.

Ndiyo maana 1992, sheria iliporuhusu vyama vingi, alikuwa na kitu cha kuanzia. Aliporudi kutoka Washington alikuwa mkulima Arusha, angeweza kukaa na kahawa yake akazeeka kwa amani. Akaanzisha CHADEMA, ikapata usajili wa kudumu 1993. Watu walimsikiliza kwa sababu hakuwa mtu aliyefukuzwa akakasirika. Alikuwa mtu aliyeondoka mwenyewe.

Na kuna jambo moja ambalo sisi wenyewe huwa hatulitaji sana. Mwaka 1998 aliachia uenyekiti, akampisha Bob Makani. Yaani alijua kutoka mara mbili: alitoka serikalini alipokosa kukubaliana, na alitoka kwenye kiti cha chama alichokiasisi mwenyewe. Tunapowadai wa upande ule waachie madaraka, tukumbuke kipimo hicho ni cha nyumbani kwetu pia. Wenye masikio wamesikia.

Turudi kwa mjomba. Hoja yake siyo ya kipuuzi. Ni kweli nchi hii inahitaji watu wema ndani. Mahakama inahitaji mahakimu, Benki Kuu inahitaji wachumi, halmashauri inahitaji wanasheria wa kusoma mikataba kabla haijasainiwa. Kama sote tutabaki nje tunapiga vuvuzela, ndani watabaki wale wale. Mtei alifanya kazi ndani kwa miaka zaidi ya 15, na Benki Kuu aliyoiasisi bado ipo. Huwezi kusema alipoteza muda.

Anapokosea mjomba ni kwenye sharti. Ananiambia nifute kwanza, niingie baadaye. Lakini ukishafuta maneno yako ili upate fildi, utafuta nini ili upate ajira? Na ili upandishwe cheo? Ukifika kileleni hiyo siku ya kubadilisha mambo, umebaki na nini cha kubadilishia? Watu hawawi chawa kwa siku moja. Wanaanza na posti moja waliyoifuta wakiwa na miaka ishirini na mbili.

Nilimpigia Jumapili. "Shikamoo mjomba. Nafasi naitaka sana na nakushukuru. Nikiwa kazini sitafanya siasa, siri za ofisi nitazitunza na nitafika mapema kuliko wote. Ila sifuti kitu." Akanyamaza. Nikasikia akipumua. Mwisho akasema, "Haya, mwanangu. Ila ujue jina litakaloharibika ni langu." Hadi naandika hapa sijaitwa. Huenda sitaitwa. Inauma, sitajifanya haiumi. Mtei alikuwa na shamba la kurudia. Mimi nina deni la bodi ya mikopo na chumba cha kulipia mwezi ujao. Najua wengi wenu mna mizigo mizito kuliko huo, na sitamhukumu atakayechagua tofauti na mimi.

Ninachowaomba ni kimoja. Kabla hujaingia ndani, iwe ni serikalini, benki, shirika la kimataifa, au hata uongozi wa chama hiki, chukua karatasi uandike jambo moja ambalo ukiambiwa ulifanye utaondoka. Moja tu, lakini liwe la kweli. Saini iliyoghushiwa, matokeo ya kura yaliyobadilishwa, mkataba usiouelewa, mtu aliyewekwa ndani bila kosa. Liandike sasa, ukiwa hujazoea kiyoyozi. Karatasi iweke kwenye begi pamoja na vyeti vyako.

Siku hiyo ikifika usilalamike baa. Andika barua, isaini, kabidhi funguo, urudi nyumbani. Tutakupokea.