Mchezaji aliyesahau kombe lake

Juma hili nawaletea habari ya Mwingereza mmoja, Steve Thompson. Alicheza raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, na wachezaji wanagongana kama kondoo dume. Kwetu hauchezwi sana, lakini mtaona kwa nini namtaja hapa.

Tarehe 22 Novemba 2003, mjini Sydney, ekipe ya Uingereza ilishinda Australia 20 kwa 17 na kuchukua Kombe la Dunia. Mpira uliozaa pointi za mwisho aliurusha Thompson mwenyewe kutoka pembeni. Aliichezea nchi yake mara 73.

Leo hakumbuki. Akitazama mechi ile kwenye televisheni anajiona yuko pale, lakini kwake ni kama mtu mwingine. Mwaka 2020, akiwa na miaka 42 na watoto wangali wadogo, waganga walimwambia ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule tuliozoea kuuona kwa wazee. Kuna wakati hata jina la mke wake linampotea. Fikiria mama yule!

Waganga wanaona chanzo ni kichwa kugongwa mara nyingi, miaka mingi. Si pigo moja kubwa tu. Hata madogo ya mazoezini yanajilundika. Thompson na wenzake wamewashitaki wakubwa wa raga kwamba hawakuwalinda. Ubongo wake ameahidi kuwaachia watafiti siku akifa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka jana, kwenye avenyu yetu, kijana alianguka akicheza mpira, akagonga kichwa, akawa anaulizauliza wako wapi. Tulimmwagia maji, tukapiga makofi, akarudi uwanjani. Mimi pia nilipiga makofi, na bado inaniuma.

Mtoto aliyegonga kichwa asirudi kucheza siku ile, hata akisema ni mzima. Akitapika, akisinzia ovyo, kichwa kikizidi kuuma, akiongea maneno yasiyoeleweka au akishikwa na degedege, mpelekeni hospitali upesi, usiku ama mchana. Usimwache alale peke yake, mwangalie. Na kocha akilalamika kwamba ekipe itapoteza mechi, mwambieni ipoteze.