Umbali Mmoja, Muda Mbalimbali

Katika vitabu vyetu vya hesabu limo swali ambalo kila mwanafunzi amekwisha kulijibu: ndege yaruka kwa kasi fulani kutoka mji mmoja hadi mwingine; je, itachukua saa ngapi? Mwanafunzi hugawa umbali kwa kasi, akapata jibu, akapewa alama. Kwa maoni yangu, swali hilo likiachwa hapo hufundisha kugawa tu, wala halifundishi sayansi.

Tuchukue safari ya baina ya Delhi na Tokyo. Umbali mfupi kabisa, ukipimwa juu ya uso wa dunia, ni kiasi cha kilometa 5,840. Lakini njia hiyo hupita juu ya uwanda wa Tibet, ambao wastani wa mwinuko wake wazidi meta 4,000. Hewa ikivuja kutoka ndani ya ndege, rubani hana budi kushuka upesi hadi kiasi cha meta 3,000, ambako abiria huweza kupumua bila msaada. Juu ya Tibet hakuna nafasi hiyo. Kwa hiyo ndege huzunguka upande wa kusini, na safari hurefuka.

Tena uko upepo. Kwenda Tokyo huchukua kiasi cha saa nane au pungufu. Kurudi Delhi huweza kuzidi saa tisa. Sababu yake ni mkondo wa upepo uvumao juu sana kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao wakati wa baridi huweza kupita kilometa 300 kwa saa juu ya Japani. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa baluni, akatoa taarifa yake mwaka 1926 kwa lugha ya Kiesperanto, wachache waliisoma. Mwaka 1944 marubani wa Marekani walikumbana nao juu ya Tokyo bila kuutarajia.

Wengi hudhani kwamba upepo hurudisha wakati wa kwenda kile unachochukua wakati wa kurudi. Na tuhesabu. Ndege ya kasi ya kilometa 850 kwa saa, pasipo upepo, ingekwenda na kurudi kilometa 5,840 kwa saa 13 na dakika 44. Ukivuma upepo wa kilometa 100 kwa saa, itakwenda kwa saa 6 na dakika 9, na kurudi kwa saa 7 na dakika 47: jumla saa 13 na dakika 56. Dakika 12 zimepotea, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya ule unaoisaidia.

Jambo hili si geni pwani yetu. Manahodha wa majahazi hawakuuliza Maskati iko mbali kiasi gani tu. Waliuliza kwanza kama ni kaskazi au kusi. Walijua kwamba muda wa safari ni mali ya njia na upepo pia.

Basi yafaa walimu waliongeze swali lile la kale sehemu ya pili: jibu hili ni kweli kwa masharti gani? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa kwa urahisi na tarakimu, iwe ya ndege, ya mavuno au ya dawa.