Mgeni Akitakiwa Kuondoka, Huruma Ikae Wapi?

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo katika ukanda wetu wa dhahabu, toka Kahama hadi Geita, haliishi kuulizwa vikundini: Mkristo afanye nini Uhamiaji wanapokuja kuwaondoa wageni wasio na vibali? Asimame upande wa sheria au upande wa huruma?

Hapa Bugarama swali hili linatugusa nyumbani. Dhahabu ya Bulyanhulu iliwaita watu kutoka pande zote. Ukienda gulioni utasikia Kisukuma, Kisumbwa, Kiha na Kirundi. Wengine walikuja kuchimba, wengine kulima vibarua, wengine kuchunga ng'ombe, na wapo walioolewa hapa wakazaa hapa. Watoto wao wanasoma na wetu, na jioni tunaombana chumvi. Siku ya msako, jirani huyo ndiye anayeulizwa, "Wewe ni wa wapi?"

Tuanze na yaliyotokea. Mwishoni mwa Julai 2013, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu muda wa wiki mbili, hadi tarehe 11 Agosti, waondoke wenyewe au wahalalishe ukaazi wao. Tarehe 6 Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu. Majambazi wenye bunduki walikuwa wakiteka mabasi, hata polisi wakalazimika kuyasindikiza. Mama aliyesafiri njia za Biharamulo miaka ile akiwa na mtoto mgongoni hahitaji kuelezwa hofu hiyo. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, na Mtume Paulo katika Warumi 13 anatufundisha kuiheshimu mamlaka.

Lakini kimbunga kikipita hakiulizi hii ni nyumba ya nani. Miongoni mwa maelfu waliovuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda walikuwamo wazee waliokaa hapa miongo mingi, wake za Watanzania, na watoto ambao hawakuijua nchi nyingine. Wapo waliofikia kambi ya Kiyanzi, upande wa Rwanda, bila waume zao, bila watoto wao, bila ng'ombe wao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilieleza wasiwasi wake kuhusu familia zilizotenganishwa. Na ndugu zetu Waha, ambao lugha yao inakaribiana mno na Kirundi, wamezoea kutiliwa shaka katika nchi yao wenyewe kwa sababu ya matamshi tu.

Je, kuomba huruma ni kuipinga serikali? Hapana. Mwaka huohuo wa 2013 ilifanyika Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Wananchi walipolia kwamba wanateswa na mifugo yao inauawa, Bunge lilisikia, operesheni ikasimamishwa, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Anayesema "hapa tumezidisha" anaisaidia serikali yake.

Tena nchi hii ina historia nyingine ya kujivunia. Katika miaka ya 1980 wakimbizi wengi wa Rwanda walipewa uraia. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 162,000, wa familia zilizokimbia mwaka 1972 na kukaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia wa Tanzania. Operesheni ya 2013 na vyeti vya 2014 vilitoka katika serikali ileile, chini ya Rais yuleyule. Kumbe huruma nayo yaweza kupita ofisini ikapigwa muhuri. Si lazima ipite dirishani usiku.

Maandiko yanasemaje? Katika Kutoka 23 Waisraeli wanaagizwa wasimwonee mgeni, na sababu wanayopewa ni kwamba wao wenyewe waliijua hali ya ugeni kule Misri. Bwana wetu naye alibebwa usiku akiwa mtoto mchanga, akavushwa mpaka kwa kumkimbia Herode. Na Ruthu, Mmoabi, aliokota masazo katika shamba la watu, akawa bibi wa baba yake mfalme Daudi.

Sisi pia tunaijua hali hiyo. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo na familia zao waliondolewa Bulyanhulu, na wazee wa hapa bado wanasimulia. Mwaka 2017 Watanzania wengi waliokuwa wakichimba rubi Montepuez, Msumbiji, walifukuzwa. Wakarudi kupitia Mtwara, wengi wakiwa mikono mitupu. Tuliposikia habari zile tulisema, "Hata kama hawakuwa na vibali, mbona wanawanyang'anya?" Kipimo hicho tulichotaka Wamsumbiji wakitumie kwa wana wetu ndicho tukitumie kwa mwana wa Mrundi.

Basi, mama Mkristo afanye nini nyumbani kwake na kitongojini kwake?

Kwanza, lipa ujira. Hapa tuseme bila kuficha. Wapo wanaomchukua kijana wa Kirundi alime msimu mzima, au binti alee mtoto na kuchota maji, na siku ya malipo wanamtishia, "Nyamaza, nitakuitia Uhamiaji." Huyo hasaidii sheria, anaiba kwa kuitumia sheria. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ileile kabla jua halijachwa, maana anautegemea ujira huo. Mama, kama mumeo ana deni la namna hiyo, zungumza naye kwa upole usiku huu. Pesa hiyo isinunue sare ya mtoto wako.

Pili, ulimi wako useme kweli. Usimchongee jirani kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba au wivu wa genge. Mwenyekiti wa kitongoji akiuliza, sema unalolijua: huyu amekaa hapa tangu lini, ameolewa na nani, watoto wamezaliwa wapi. Usidanganye kumficha jambazi, wala usinyamaze mama wa watu anapoitwa jambazi.

Tatu, mtetee mtoto asitenganishwe na mama yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Mama akichukuliwa, nendeni wawili watatu, pamoja na mchungaji au katekista, mkamweleze mtendaji kwamba kuna anayenyonya nyumbani. Semeni kwa heshima, lakini semeni.

Nne, usifaidike na machozi. Anayefukuzwa huuza mbuzi kwa bei ya kuku. Ukinunua, toa bei ya haki. Ukiachiwa shamba la mihogo, litunze na umwekee hesabu.

Tano, saidianeni kutafuta karatasi kabla ya msako. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia. Mume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Huyo huomba kama mgeni mwingine yeyote. Basi dada mwenye mume mgeni asingoje, aende naye Uhamiaji mapema kuulizia utaratibu. Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi ya kliniki vitunzwe pamoja, pakavu, mbali na panya.

Mwisho tunawakumbuka maofisa wa Uhamiaji na askari. Hao ni waume zetu na wana tuliowazaa. Yohana Mbatizaji, alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu kwa nguvu wala kumsingizia, na waridhike na mshahara wao. Mama mwenye mwana katika kazi hiyo amwambie maneno hayo akija likizo. Mwanao atatii amri ya kumsafirisha mgeni, lakini anaweza kumngoja mama afunge mzigo wake, anaweza kumpa mtoto maji, anaweza kuisoma karatasi kabla ya kuitupa. Hakuna amri inayomkataza hayo.

Sheria itasema nani akae na nani aende. Namna ya kwenda kwake, ameshiba au ana njaa, ameshika mtoto wake au amemwacha akilia, mara nyingi iko mikononi mwa jirani.

Kwa mazungumzo kikundini:
1. Soma Kutoka 23:9 na Luka 3:14. Katika kitongoji chetu ni nani anayeishi kwa hofu ya kuulizwa alikotoka?
2. Je, kuna kibarua anayetudai?
3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidia nani mwezi huu kupata cheti cha mtoto?

Bwana awalinde ninyi, watoto wenu, na mgeni aliye mlangoni penu.