Kura ya Mwanafunzi Irudishwe kwa Mwanafunzi

Miongoni mwa haki ambazo vijana wetu wamepokonywa pasipo kilio kikubwa kusikika, iko moja ambayo wazazi wengi wa mitaa ya Eastlands ya Nairobi, wanaojinyima ili watoto wao wasome, huenda hawajui hata kwamba imetoweka, nayo ni haki ya mwanafunzi wa chuo kikuu kumchagua kwa kura yake mwenyewe yule atakayesema kwa niaba yake mbele ya wakuu wa chuo. Sheria ya Vyuo Vikuu, iliporekebishwa mwaka 2016, iliamuru kwamba wanafunzi wa kila kitivo au idara wateue wajumbe watatu wasiokuwa wote wa jinsia moja, na wajumbe hao, wala si jumla ya wanafunzi, ndio wawachague viongozi wa baraza la wanafunzi. Nadai kwamba amri hiyo, ijapokuwa ilitungwa kwa nia ya kutibu maradhi yaliyokuwako kweli, imekosea dawa, na kwamba Bunge lina wajibu wa kumrudishia kila mwanafunzi kura yake.

Insafu yatutaka tuyakiri kwanza maradhi yenyewe. SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika miaka yake ya mwisho kilikuwa kimeingiliwa na fedha za kampeni, na ghasia, na fitina za ukabila; kiongozi aliweza kurudi madarakani mwaka baada ya mwaka; na uchaguzi wa mwaka 2016 ulizusha mzozo mkali hata chuo kikafungwa mwezi wa Aprili, na wanafunzi waliokuwa katika vitabu vyao wakapata adha sawasawa na wale waliokuwa barabarani. Mzazi wa Makongeni au wa Dandora, aliyekwisha lipa karo na kodi ya chumba, hakuwa na sababu ya kuusifu utaratibu uliomtia hasara hiyo. Kwa hiyo vifungu vinavyomzuia kiongozi asipite vipindi viwili vya mwaka mmoja mmoja, na vinavyotaka mwenyekiti na makamu wake wawe mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, ni vifungu vya kheri ambavyo havina budi kubaki. Wala sitaficha kwamba ni chini ya sheria hiyo hiyo Anne Mvurya alipochaguliwa mwaka 2021 kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza UNSA, chama kilichoirithi SONU. Walakini ukomo wa vipindi na haki ya wanawake vingeweza kuwekwa bila ya kumnyang'anya mwanafunzi wa kawaida sauti yake, na hapo ndipo watunga sheria walipopotoka.

Sisi wa Eastlands tuna sababu ya pekee ya kuitilia shaka kura ipitayo mikononi mwa wachache, kwa kuwa mitaa yetu iliionja kura ya namna hiyo kabla ya uhuru. Serikali ya kikoloni, iliyowapanga Waafrika katika Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, kisha Bahati, na Ofafa ulioitwa kwa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953, haikukusudia kwamba wapangaji wa vyumba hivyo wawe na neno katika utawala wa nchi; na mwaka 1944, ilipomkubali Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, katika Baraza la Kutunga Sheria, ilimteua yenyewe. Hata Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika baraza hilo, haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, kwa mapato, kwa mali na kwa utumishi, hata mtu mmoja aliweza kuwa na kura tatu ilhali jirani yake hana hata moja. Tom Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek katika jimbo la Nairobi kwa daftari hilo hilo lililobanwa, lakini ushindi haukumziba kinywa: yeye na wajumbe wenzake Waafrika waliendelea kudai kura kamili kwa kila mtu mzima, na watu wakajaa katika ukumbi wa Kaloleni kuwasikiliza, mpaka ulipofika uchaguzi wa Mei 1963.

Hoja ya watawala wa wakati ule ilikuwa kwamba umma haujakomaa, kwamba ukipewa kura utachochewa na wafitini, na kwamba ni salama zaidi kazi ya kuchagua ikiachiwa watu wachache wenye busara. Asomaye sababu zilizotolewa mwaka 2016 ataona ni hoja ile ile, ila imevalishwa joho la mahafali. Tena ina ukinzani usioweza kuelezeka kwa akili timamu, kwa maana kijana wa miaka 18 aliye na kitambulisho anaaminiwa kumchagua Rais wa Jamhuri, gavana wa kaunti na diwani wa wadi yake, lakini haaminiwi kumchagua mwenyekiti wa chama anachokilipia ada kutoka mfukoni mwa mama yake.

Tuitazame pia historia ya chuo chenyewe, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kikiwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Serikali zilizopita zilivikandamiza vyama vya wanafunzi kwa mkono mzito. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, alikamatwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akahukumiwa kifungo cha miaka 10, akafia gerezani mwaka 1988 pasipo kuuona tena uhuru. Mwandawiro Mghanga, kiongozi mwingine wa wanafunzi, alifukuzwa chuoni na kutiwa kizuizini kwa sababu ya machafuko ya chuoni ya mwaka 1985. Wafula Buke, aliyechaguliwa mwaka 1987, alikamatwa katika mwaka huo huo, kisha akafungwa, na chama chenyewe kikapigwa marufuku. Vijana hao walistahimili mateso kwa kuwa walijua kwamba nyuma yao wako maelfu waliowatuma kwa kura zao, na watawala nao waliwaogopa kwa sababu hiyo hiyo. Kiongozi aliyechaguliwa na wajumbe wachache hana nguvu ya namna hiyo, maana akiitwa katika ofisi ya makamu wa chansela na kuambiwa anyamaze, hana umati wa kuutaja. Na wale waliomchagua wanaweza kuitwa mmoja mmoja, wakaahidiwa, wakatishwa, wakanyamaza pamoja naye.

Wataniuliza wengine kuna uhusiano gani baina ya mambo haya na maisha ya mwanafunzi alalaye Umoja, Kayole au Embakasi. Uhusiano ni mkubwa kuliko wadhaniavyo. Siasa za chuo, tangu zamani, zimekuwa siasa za mabweni, kwa kuwa wakaao bwenini ndio wanaohudhuria kamukunji, yaani mkutano wa wanafunzi wa usiku, ndio wanaogongewa milango na wagombea, na ndio ambao kilio chao cha maji au chakula humfikia mkuu wa chuo kabla ya jua kuchwa. Lakini mabweni hayatoshi, na idadi kubwa ya wanafunzi hupanga mitaani, ama hubaki nyumbani kwa wazazi wao, wakapanda matatu ya Barabara ya Jogoo alfajiri pamoja na mafundi na wachuuzi. Mwanafunzi wa namna hii hulipa nauli ambayo mvua ikinyesha hupandishwa ghafla. Akiwa na somo la jioni hurudi kituoni gizani, na ikiwa ni msichana, wazazi wake hawalali mpaka mlango ubishwe. Na maktaba aitumiayo ni ile meza ya kulia chakula inayogombewa na wadogo zake. Alama zake za mtihani zikipotea, hupoteza siku nzima akizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ukichelewa, nauli ndiyo inayokatika kwanza, na yeye hubaki nyumbani ilhali masomo yanaendelea.

Mwanafunzi huyu, katika utaratibu wa kura ya moja kwa moja, alikuwa angalau na kitu kimoja ambacho mgombea alikihitaji. Hata kama hakuwahi kulala bwenini, kura yake ilikuwa sawa na ya mwenziwe, na mgombea mwenye akili alilazimika kumtafuta. Chini ya utaratibu wa wajumbe, mgombea hana haja naye tena, kwa kuwa akiwapata wajumbe amepata yote. Na mambo ya kusemewa yamezidi, maana tangu mwaka 2023, serikali ilipoleta mfumo mpya wa kugharimia masomo unaowapanga wanafunzi kwa kipimo cha uhitaji wa kaya zao, familia nyingi zimeshangaa kuona mtoto wa mama mboga akihesabiwa miongoni mwa wenye uwezo. Nani angepaswa kuyakusanya malalamiko hayo na kuyapeleka mbele ya wakuu kwa sauti moja, isipokuwa chama cha wanafunzi?

Wanaoutetea utaratibu wa sasa husema kwamba umezima fujo na umepunguza gharama. Hakika kelele zimepungua, lakini kelele zikipungua haimaanishi kwamba ufisadi umepungua. Anayetaka kununua uchaguzi wa watu maelfu ana kazi ngumu, na kazi yake hufanyika mchana mbele ya macho ya watu. Anayetaka kununua wajumbe wachache aweza kuimaliza kazi hiyo katika chumba kimoja usiku mmoja. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia nyingine. Chuo Kikuu cha Makerere, baada ya mwanafunzi kuuawa katika vurugu za kampeni za Julai 2022, kiliusimamisha uchaguzi wa chama chake, kikaharamisha kampeni za makundi ya barabarani, kisha wanafunzi wakapiga kura kwa njia ya mtandao, kila mmoja kura yake. Fujo zilikabiliwa kwa kanuni za kampeni, pasipo haki ya mpiga kura kuondolewa.

Iko hoja nyingine, kwamba vyama vya wanafunzi vimekuwa ngazi ya kupandia Bungeni, na mfano utajwao zaidi ni wa hapa kwetu, kwa kuwa Babu Owino alitoka katika uenyekiti wa SONU, na mwaka 2017 wapiga kura wa Embakasi Mashariki wakamchagua awe mbunge wao. Sioni aibu katika safari hiyo. Chelagat Mutai na James Orengo nao walitoka katika harakati za wanafunzi wakaingia Bungeni, na taifa likanufaika na ujasiri wao. Kilicho kibaya ni uongozi usiotoa hesabu, na dawa yake ni ukaguzi wa fedha na ukomo wa vipindi. Tena tujihadhari na hatari iliyo kubwa zaidi. Mwezi wa Juni 2024 vijana walijaza barabara za Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, wengi wao wanafunzi, wakijitangaza kwamba hawana kiongozi. Wengine hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Kizazi kilichonyimwa mahali halali pa kuchagua wasemaji wake kitasema chenyewe, na dola isiyokuwa na mtu wa kuzungumza naye upande wa pili huwa nyepesi kushika bunduki.

Kwa hayo, natoa rai tatu. Kwanza, Bunge lirekebishe Sheria ya Vyuo Vikuu ili mwenyekiti na wenzake katika baraza wachaguliwe na wanafunzi wote kwa kura ya siri, na ukomo wa vipindi viwili pamoja na kanuni ya jinsia vibaki kama vilivyo. Pili, kila chuo kiweke kikomo cha gharama za kampeni, na hesabu za ada zinazotozwa na chama zikaguliwe na kubandikwa hadharani kila mwaka, ili mzazi wa Kariobangi aweze kujua shilingi yake ilikwenda wapi. Tatu, katika nafasi za baraza zilizotengwa kwa ajili ya makundi maalumu, moja iwe ya wanafunzi wasiokaa mabwenini, naye mwenye nafasi hiyo awe na wajibu wa kufanya mikutano mitaani, Makadara, Umoja, Embakasi na kwingineko, mahali ambapo wanafunzi wanaishi na wazazi wao wanaweza kuhudhuria na kuuliza.

Wabunge wa majimbo ya Eastlands, ambao wapiga kura wao ni wazazi na ndugu wa vijana hawa, ndio wanaostahili kuuwasilisha mswada huo, na sisi wapiga kura tuna haki ya kuwauliza, kila waombapo kura zetu, wamefanya nini kuirudisha kura ya watoto wetu. Wanafunzi nao wasingoje, bali waandike maombi yao kwa Bunge, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kufanya hivyo, na wayafikishe wakiwa wengi na kwa adabu. Chuo kikuu kinachowafunza vijana sheria, siasa na falsafa ya utawala, kisha kikawakataza kuyatenda wanayojifunza, kinawanyima nusu ya elimu waliyoilipia.