Programu huria zilizotelekezwa: kuondoa toleo au kuliacha?

Kampuni inayosafirisha bidhaa au kutuma fedha nje ya nchi mara nyingi haijui kuwa mfumo wake wa kompyuta umejengwa kwa vipande vya programu huria, vingine vikiwa vimetelekezwa na watunzi wao miaka mingi iliyopita. Mzigo usio na mwenyewe bandarini hupigwa mnada muda wa kisheria ukipita. Programu haina forodha ya namna hiyo: toleo likishachapishwa hubaki ghalani, na watu huendelea kulichukua.

Jibu la haraka ni kuliondoa. Itakumbukwa kuwa Machi 2016 Azer Koçulu, baada ya mvutano na kampuni ya Kik ya Canada kuhusu jina la programu moja, aliondoa kazi zake zote katika ghala la npm. Miongoni mwake ilikuwamo left-pad, programu ya mistari 11 tu inayojaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi iliyoitegemea, ikiwemo Babel, ilikwama ghafla. npm ililazimika kuirudisha baada ya saa chache, kisha ikakaza masharti ya kuondoa matoleo.

Njia ya pili, kumkabidhi mwingine, ilizaa balaa kubwa zaidi. Mwaka 2018 Dominic Tarr, ambaye hakuwa akiitumia tena programu yake ya event-stream, aliikabidhi kwa mtu aliyejitolea ambaye hakumfahamu. Ilikuwa ikipakuliwa karibu mara milioni mbili kwa wiki. Mgeni huyo alipenyeza msimbo wa siri uliolenga kuiba bitcoin katika pochi za Copay, na haukugunduliwa hadi Novemba mwaka huo. Wengi walimshutumu Tarr. Lakini waliofaidika na kazi yake bure kwa miaka yote hiyo hawakuwa wamejitolea kuitunza.

Kinachobaki ni kuliacha toleo mahali pake na kulitia alama. npm huruhusu mtunzi kuweka onyo kwamba programu haitunzwi tena, nayo PyPI, ghala la lugha ya Python, tangu Januari 2025 huruhusu mradi mzima kutangazwa kuwa umefungwa. Anayeitegemea programu hiyo hakwami, na hakuna mgeni anayepewa funguo.

Hata hivyo, onyo hilo huonwa na anayesimika programu siku hiyo. Mfumo uliosimikwa miaka mitano nyuma katika ofisi ya wakala wa forodha hauoni chochote. Ndiyo maana mfanyabiashara anaponunua mfumo, mkataba unapaswa kumtaka muuzaji atoe orodha ya vipande vyote, aseme nani anavitunza, na ataje vile ambavyo namba ya toleo lake bado inaanza na sifuri, kwani kwa desturi ya waandishi wa programu hivyo vinaweza kubadilishwa wakati wowote. Muuzaji akishindwa kuitoa orodha hiyo, bei yake ijadiliwe upya kabla ya saini.